Mbegu za Nyanya, Si za Kachumbari

Siku chache baada ya hitima ya Nyanya, kazi ya kupanga vitu vyake tuliachiwa sisi wajukuu. Leso zake nzuri mama na shangazi zangu waligawana bila ugomvi, jambo ambalo lenyewe ni muujiza, na mimi nikapewa kabati la jikoni. Ndani mlikuwa na makopo ya kila aina, ya kahawa, ya maziwa ya watoto, chupa za jemu, yote yamejaa mbegu, magome, majani makavu na unga wa rangi nisizozijua. Hakuna hata moja lililoandikwa jina. Na si kwamba Nyanya hakujua kuandika. Daftari la madeni yake lilijaa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mistari imenyooka kuliko yangu. Ila makopo hakuona haja ya kuyaandika. Alifungua, akanusa, akajua. Mimi nilifungua, nikanusa, nikapiga chafya. Jioni ile nilijaza gunia zima, nikalitoa nje, na asubuhi gari la taka likapita nalo.

Kopo moja nalikumbuka kwa sababu lilinimwagikia. Mbegu zake zilikuwa ndogo, nyepesi, rangi ya kati ya waridi na udongo, kila moja imebonyea upande mmoja kama kimashua. Nilipopitisha tambara bichi sakafuni ili nizizoe, zikavimba na kuanza kuteleza kama mrenda. Nilisugua hadi mgongo ukauma, huku nikinung'unika kwamba huyu ajuza alikuwa anaweka takataka gani nyumbani.

Miaka mitano baadaye, Nairobi, tumbo likanifunga. Sitaeleza zaidi, wewe ni mtu mzima. Kukaa ofisini kutwa, chipsi usiku, maji kidogo, na ukiongeza mapenzi ya smoki za kando ya barabara, hesabu inajifanya yenyewe. Rafiki yangu mmoja wa jimu, mtu wa kupima kila anachokula, akanielekeza duka fulani la vyakula vya afya Westlands. Nikatoka na kopo jeupe lenye picha ya mwanamke anayechekelea saladi, shilingi 1,200. Nyumbani nikakoroga kijiko kimoja kwenye glasi, simu ikaita, nikajibu. Niliporudi, maji yalikuwa yameganda. Nikachovya kidole. Nikakivuta, ute ukafuata.

Nilikaa chini pale pale jikoni.

Nikageuza kopo nisome maandishi madogo ya nyuma. Viungo: makapi ya mbegu za Plantago ovata Forssk. Hayo tu. Maneno mawili ya Kilatini nilijua ni jina la mmea. Lakini hicho kifupi cha mwisho, chenye nukta yake, kilinikaa kooni. Forssk ni nani, na jina lake linafanya nini kwenye kopo la Nyanya?

Tuanze na mmea wenyewe, maana yeye ndiye wa kwanza katika kisa hiki kwa mbali sana. Ukiupita jangwani hutatoa simu kuupiga picha. Ni gugu la msimu mmoja, fupi, haufiki goti, majani membamba yenye vinyweleo vinavyong'aa kama fedha, na suke dogo la maua ambayo petali zake nne ni kavu na zinapenyeza mwanga kama ngozi ya kitunguu. Kwao ni pakavu: kuanzia Visiwa vya Kanari, kupita kaskazini mwa Afrika, Misri na Sinai, Arabuni, Iran, hadi Pakistan na magharibi mwa India. Mvua ya majira ya baridi ikinyesha, unachipuka, unatoa maua, unazaa na kukauka ndani ya miezi michache, kabla jua kali halijarudi. Kijumba cha mbegu kikikomaa hufunguka kwa kifuniko, kama sufuria. Baada ya hapo mmea umekufa. Kinachobaki ni mbegu mchangani, na hapo ndipo akili yote ya gugu hili ilipo.

Mbegu ile imevaa kapi jembamba. Likiguswa na maji, linavimba na kuwa ute, na ute huo unainatisha mbegu kwenye mchanga ili upepo usiihamishe, tena unashika unyevu karibu nayo wakati dunia nzima inakauka. Ndicho kilichotokea sakafuni kwa Nyanya: zile mbegu zilidhani mvua imenyesha.

Na bado hazichipuki zote. Karibu na mji wa Tucson, Arizona, kuna kilima kinachoitwa Tumamoc, ambapo mtaalamu Lawrence Venable na wenzake wamehesabu mimea ya msimu ya jangwa la Sonora tangu miaka ya 1980, mche kwa mche, gugu letu likiwemo. Mwaka 2007 alionyesha kwamba mimea ambayo mavuno yake yanayumba sana mwaka hadi mwaka ndiyo inayoacha mbegu nyingi zaidi zimelala ardhini hata mvua ikija. Yaani ni kama mama wa chama ambaye, biashara iwe nzuri vipi, hatoi akiba yote. Mvua ya kwanza inaweza kuwa ya uongo. Anayechipuka wote kwa pamoja anaweza kufa wote kwa pamoja.

Utauliza, Arizona umefikaje ilhali kwao ni Misri na Uajemi? Swali hilo liliwasumbua wataalamu pia. Kwa muda mrefu wapo waliodhani Wahispania ndio waliouvusha bahari pamoja na mifugo yao. Kisha mwaka 2008 Stephen Meyers na Aaron Liston wakachapisha uchunguzi wa vinasaba vyake, wakaonyesha kwamba ulifika Amerika Kaskazini laki kadhaa za miaka iliyopita, kabla ya mtu yeyote kukanyaga huko. Inaelekea ndege waliohama ndio waliobeba mbegu, kwa ule ute ule. Kwa hiyo ukiniuliza nani "aligundua" Plantago ovata, jibu langu la kwanza ni miguu ya ndege.

Sisi Wakenya tuna donda na neno hilo. Shuleni tulikaririshwa kwamba Rebmann aligundua Kilimanjaro mwaka 1848 na Krapf akagundua Mlima Kenya mwaka 1849, na darasa zima likacheka mwalimu alipouliza, basi Wachagga na Wakikuyu walikuwa wanautazama nini miaka yote hiyo. Kwa hiyo nilipoanza kumtafuta huyu Forssk., nilikuwa nimeshamkasirikia. Nilitaka mzungu mwenye kofia ya jua, aje aweke jina lake juu ya kitu cha watu.

Maana watu walikuwa nacho. Waarabu waliziita mbegu hizi bizr qatuna, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliziorodhesha kwenye kitabu chake cha tiba, Qanun. Waajemi waliziita aspghol. Wanaolichambua neno hilo husema ni sikio la farasi, na ukiitazama mbegu kwa karibu unaona wanachosema. Wahindi wakalichukua likawa isabgol. Wagiriki, wao, walimtazama binamu yake wa karibu, wakaona kiroboto: neno psyllium, ambalo siku hizi limejaa TikTok kwenye mapishi ya mkate usio na ngano, linatokana na jina lao la kiroboto. Ndiyo, rafiki yangu wa jimu anakunywa viroboto kila asubuhi. Nimemwambia. Hakufurahi.

Basi nikamtafuta Forssk. nikiwa na hasira yangu tayari, na hasira ikakosa pa kukaa.

Peter Forsskål alizaliwa Helsinki mwezi Januari 1732, wakati Finland ikiwa sehemu ya Sweden, mtoto wa mchungaji. Alisoma Uppsala chini ya Carl Linnaeus, yule profesa aliyeuzoesha ulimwengu kuita kila kiumbe kwa majina mawili ya Kilatini, kisha akaenda Göttingen kusoma falsafa na lugha za mashariki. Alikuwa mbishi. Tasnifu yake ilikuwa ya kuwahoji wanafalsafa waliokuwa wakiabudiwa wakati huo. Na mwezi Novemba 1759, akiwa na miaka 27, alichapisha kijitabu kidogo cha vifungu 21 kuhusu uhuru wa raia. Kiini chake: wenye madaraka wawekewe mipaka, kalamu isiwekewe. Alisema raia asiyeruhusiwa kulalamika kwa maandishi ataishia kulalamika kwa njia mbaya zaidi.

Msomaji wa Nairobi hana haja ya kuelezwa hiyo.

Wakaguzi walikuwa wameshakata baadhi ya maneno yake kabla ya kuruhusu kichapishwe, lakini hata kilichobaki kiliwatia wakubwa kiwewe, na amri ikatoka kijitabu kikusanywe. Nakala 500 zilikuwa zimechapwa. Na nani alitwikwa kazi ya kuzisaka? Linnaeus, mwalimu wake, ambaye kipindi hicho ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo. Alipata 79. Nyingine zilikuwa mikononi mwa watu, kwa sababu mwandishi mwenyewe alikuwa amezigawa upesi upesi. Mimi nina imani kwamba mzee hakutafuta kwa bidii sana. Mtu anayeweza kutofautisha magugu mawili kwa idadi ya nyuzi ndani ya ua angeweza kupata vijitabu zaidi ya 79 katika mji mdogo wa wanafunzi, kama angetaka.

Forsskål hakuwa tena na maisha mazuri Sweden. Mfalme wa Denmark, Frederick wa Tano, alikuwa anaandaa msafara wa kwenda Arabuni, wazo la profesa mmoja wa Göttingen aliyetaka majibu ya maswali kuhusu mimea, wanyama na lugha ya Biblia. Wakamwita. Waliondoka Copenhagen mwezi Januari 1761, watu sita: Forsskål wa mimea na wanyama, von Haven wa lugha, Niebuhr wa ramani, Kramer tabibu, Baurenfeind mchoraji, na mtumishi wao Berggren. Kusema kweli walikuwa kundi la ajabu. Von Haven na Forsskål walichukiana kiasi kwamba walipofika Istanbul, von Haven akanunua sumu ya aseniki, na wenzake wakaandika barua nyumbani kwa hofu kwamba huyu bwana anakusudia kuwaua. Kama umewahi kusafiri na wenzako wa ofisi kwenye gari moja, fikiria miaka miwili.

Misri walikaa karibu mwaka mzima, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Wakati wenzake wakinung'unikia joto, yeye alijifunza Kiarabu cha mtaani, akavaa kama wenyeji, akawa anatoka nje ya mji kukusanya mimea mpaka akaibiwa njiani. Alirudi akaendelea. Alikuwa anataka kujua kila jani, na zaidi ya jani alitaka kujua linaitwaje na wanaolitumia. Aliandika jina la Kiarabu kando ya Kilatini, mmea baada ya mmea, na mara nyingi lile la Kiarabu ndilo aliloligeuza kuwa jina la kisayansi.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu habari hii inafika hadi kwetu. Jina la kisayansi la miraa ni Catha, na hilo ni neno qat la Yemen, ambalo Forsskål ndiye aliyelipeleka kwenye vitabu vya botania. Nenda Turkana au Marsabit, utakuta vichaka vya Suaeda kwenye udongo wa chumvi; hilo ni neno la Kiarabu alilolichukua. Utakuta Cadaba, ni Kiarabu, kupitia kwake. Utakuta Maerua, kutoka neno la Kiarabu meru, ambalo halina uhusiano wowote na Meru yetu, ingawa ukichanganya na habari ya miraa unaweza kuanzisha uvumi mzuri sana. Mwanafunzi wa botania wa Kenya anayekariri majina hayo akidhani ni Kilatini kigumu, nusu ya wakati anakariri maneno ya wachungaji na wauza dawa wa Yemen waliokuwa wakimjibu kijana mmoja mgeni aliyekuwa akiuliza sana. Mimea inabeba neno lao, na kifupi chake yeye.

Oktoba 1762 walipanda chombo Suez, wakashuka Bahari ya Shamu, na mwisho wa Desemba wakafika Yemen. Forsskål alitembea kuanzia pwani ya Tihama hadi milimani, kwa furaha ya mtu aliyefika alikokuwa akipaota. Halafu homa ikaanza. Leo tunajua ni malaria. Wao hawakujua, na hilo mtu wa Mombasa anaweza kulisikitikia kwa dhati. Von Haven alikufa Mokha mwezi Mei 1763. Forsskål alianza kutetemeka wakiwa njiani kwenda Sana'a, akawa hawezi hata kukaa juu ya mnyama, na tarehe 11 Julai 1763 akafa katika mji wa Yarim.

Alikuwa na miaka 31. Mimi nimetimiza 31 mwaka huu.

Walimzika usiku. Niebuhr aliandika baadaye kwamba kaburi lilifukuliwa na watu waliodhani jeneza lina hazina. Baurenfeind na Berggren walikufa baharini wakielekea India, mwezi mmoja na kitu baadaye, na Kramer akafa Bombay mwaka 1764. Katika watu sita alirudi mmoja tu Copenhagen, Niebuhr, mwezi Novemba 1767. Na ile hoja ya Forsskål kuhusu kalamu? Tarehe 2 Desemba 1766, Sweden ilipitisha sheria ya uhuru wa uchapishaji, ya kwanza ya aina yake duniani. Mwenye kijitabu alikuwa na miaka mitatu kaburini.

Lakini alichokikusanya kilikuwa hai, kwa maana fulani. Masanduku yake yalikuwa yametangulia au kufuata kwa meli mbalimbali: mimea iliyokaushwa, karatasi ndogo ndogo alizoandika kwa haraka, hata samaki aliowapasua nusu na kuwabana kavu kwenye karatasi kama majani, ambao wapo Copenhagen hadi leo. Niebuhr, mtu wa ramani ambaye mimea haikuwa kazi yake, alikataa vitu vya rafiki yake vipotee. Alisimamia uchapishaji wa kitabu cha wanyama na kile cha mimea ya Misri na Arabuni, mwaka 1775. Ndani ya hicho cha mimea ndimo lilimotoka kwa mara ya kwanza jina Plantago ovata, ovata kwa umbo la yai. Kwa hiyo hicho kifupi kwenye kopo langu, "Forssk.", ni cha marehemu wa miaka 12, kilichofika kwenye karatasi kwa sababu rafiki mmoja alikataa kupeleka masanduku jalalani.

Nilifunga kompyuta usiku huo saa nane. Nilikuwa nimeanza kwa kutaka kumshitaki Forsskål kwa niaba ya Nyanya. Nikajikuta natafuta ni nani katika kisa hiki amefanana na yule mjukuu mwenye gunia.

Linnaeus naye alimkumbuka kwa namna yake. Alilipa jina lake gugu jingine la jangwani, lenye vinyweleo vinavyokamata nguo na havikuachii, Forsskaolea tenacissima, yaani ng'ang'anizi kupita zote. Sijaamua kama ni sifa au ni mwalimu aliyekuwa bado amechoka.

Gugu letu lenyewe liliendelea na safari bila kujali anayeliita nani. Siku hizi sehemu kubwa ya soko la dunia hulishwa na mashamba ya Gujarati na Rajasthan, na biashara yake inazunguka miji ya Unjha na Sidhpur, kaskazini mwa Gujarati. Mkulima hupanda kwa majira ya baridi na kuvuna baada ya miezi minne hivi, huku akiomba mvua isinyeshe mwishoni, kwa sababu mvua ikikuta mbegu zimekomaa, ule ute unamharibia kila kitu shambani. Kinu kinatenganisha kapi na mbegu. Kapi ni kama robo ya uzito, na ndilo lenye bei. Kiini cha mbegu huishia kuwa chakula cha mifugo. Sijui mmea mwingine ambao watu wanatupa nafaka na kuuza makapi. Mwaka 1998 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu wauzaji waandike kwenye pakiti kwamba makapi haya, pamoja na mlo usio na mafuta mengi, yanaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa kuwa yanashusha kolesteroli. Baada ya hapo bei za Westlands zinaeleweka.

Na Gujarati ndiko walikotoka mababu wa wenye maduka wengi wa Mombasa, waliokuja na majahazi ya kaskazi tangu zamani. Hilo lingenijia akilini mapema kama ningekuwa na adabu ya kufikiri nilipokuwa na gunia mkononi.

Niliporudi nyumbani Idi iliyopita, nilikwenda Marikiti. Sikuwa na jina la duka, nilijua tu kwamba Nyanya alikuwa na Mhindi wake, maana ndivyo alivyosema daima: naenda kwa Mhindi wangu. Duka la tatu nilimkuta mzee mwenye miwani mizito, nikamwonyesha kijiko cha makapi nilichokuja nacho kwenye mfuko wa nailoni. Hata hakukigusa.

"Isabgol," akasema. "Wataka hii ya ganda ama mbegu nzima?"

"Mbegu nzima, mzee."

Akafungua debe, akachota. Ndizo zenyewe. Waridi na udongo, vimashua vidogo. Akazimimina kwenye karatasi ya gazeti na kuikunja kwa ile mikunjo ya zamani.

"Ni za nani? Za mtoto ama mtu mzima?"

"Zangu."

"Basi kunywa na maji mengi, mwanangu. Glasi kubwa, na nyingine juu yake. Ukila kavu itakukaba hapa." Akajigusa koo. "Na kama una dawa nyingine za daktari, usizimeze pamoja. Ngoja kwanza."

Nilimtajia jina la Nyanya, mtaa wake, hata namna alivyovaa buibui. Alifikiri kwa heshima, akatikisa kichwa. Wateja ni wengi, akasema, na macho siku hizi hayasaidii. Alinitoza pesa ambayo sitaiandika hapa, kwa sababu rafiki yangu wa jimu atasoma haya na ataumia.

Usiku nikamuuliza mama, Nyanya alikuwa akiziitaje? Mama alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa.

"Zile? Aliziita za kuteleza. 'Nipe zile za kuteleza.' Jina jingine silijui."

Nikachukua chupa tupu ya jemu, nikamimina, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: ZA KUTELEZA. Chini yake isabgol. Kisha nikamwomba mama anisaidie kukumbuka makopo mengine ya kabatini. Akaacha ungo. Alikumbuka habasoda, ambayo kila mtu anaijua. Alikumbuka gome moja chungu la tumbo la watoto, lakini hakujua ni la mti gani, ila lilikuwa likiletwa na bibi mmoja kutoka Kaloleni ambaye naye ameshafariki. Alikumbuka unga mwekundu wa kuoshea nywele. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole rafu kwa rafu, ya juu, ya kati, ya chini, kama anayeliona kabati mbele yake.

Yalikuwa makopo kama ishirini. Tulifika manne.